Jumatano saa sita mchana

Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi hapa Leeds kuna babu mmoja, dereva wa basi mstaafu. Kila Jumatano ikigonga saa sita mchana hagusi chakula. Namwekea supu, anaisogeza pembeni, macho kwenye televisheni: Waziri Mkuu yuko bungeni anajibu maswali. Nusu saa. Supu inapoa, naipasha, namrudishia. Mwanzoni ilinikera. Siku hizi navuta kiti nakaa naye.

Kinachonishika si kelele za wabunge, ni Spika. Lindsay Hoyle aliingia bungeni kwa tiketi ya Labour, lakini alipochaguliwa Spika Novemba 2019 aliachana na chama, maana ndiyo desturi yao. Uchaguzi ukija anagombea jimboni kwake kama Spika, vyama vikubwa havimsimamishii mtu. Oktoba 2024 Waziri wa Fedha, wa Labour hao hao, alizungumza na waandishi mambo ya bajeti kabla hajayafikisha bungeni. Spika akaikaripia serikali hadharani, kwamba imelivunjia Bunge heshima. Kesho yake akarudi kitini kuendelea na kazi.

Sasa tuje kwetu Tanzania. Desemba 2021 Spika Ndugai alisema tukiendelea kukopa namna hii ipo siku nchi itapigwa mnada. Wiki mbili hazikuisha: ameomba radhi, na tarehe 6 Januari amejiuzulu. Barua kampelekea nani? Katibu Mkuu wa CCM, chama tawala! Mkuu wa mhimili mzima anaaga kwa katibu wa chama.

Simtetei Ndugai. Ni yeye aliyemwita Assad, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), mbele ya kamati mwaka 2019 kwa sababu ya neno "udhaifu", na Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Lakini kosa la mtu lisitufiche ubovu wa kiti chenyewe. Ibara ya 63 ya Katiba inasema Bunge litaisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Ukifika ibara ya 71 unakuta mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama chake, ubunge nao umekwisha. Kwa hiyo Spika aliye mbunge wa jimbo akitaka kufanya kama Hoyle, siku anayorudisha kadi ndiyo siku anayopoteza jimbo. Atamkemea nani huyo, wakati walioishika kadi yake ndio wenye serikali?

Najua yanayokuja. "Kafika Ulaya juzi, leo anatufundisha." "Wakoloni hao hao ndio unaowasifu?" Ndugu zangu, mwaka 2005 nilipanga foleni ya kura tangu alfajiri, na uraia wangu sijauacha. Wala sisemi huku ni peponi. Wana Baraza la Malodi ambalo hakuna mwananchi aliyelipigia kura. Mwaka 2019 Boris Johnson aliliahirisha Bunge wiki tano, ikabidi majaji 11 wa Mahakama ya Juu watamke kwa kauli moja kuwa ni batili. Kesho yake wabunge wakarudi ukumbini. Mtawala wa huku naye akipata upenyo anapita. Tofauti ni kwamba anakuta mtu mlangoni.

Na sisi tuliwahi kuwa na mtu mlangoni, ndiyo maana roho inaniuma. Februari 2008 nilikuwa kwenye banda la kinyozi Morogoro, jirani na Msamvu, televisheni ndogo juu ya kabati. Mwakyembe, mwenyekiti wa kamati teule ya Bunge, anasoma ripoti ya mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond. Kinyozi alizima mashine, na mteja aliyenyolewa nusu kichwa hakulalamika. Wapita njia wakajaa mlangoni, mama wa maandazi akaweka beseni chini. Kesho yake Lowassa akajiuzulu. Waziri Mkuu wa CCM, mwenyekiti wa kamati wa CCM, Spika Sitta wa CCM. Hatukufundishwa na mzungu. Tulifanya wenyewe, na nchi nzima ikiangalia.

Halafu tukakifunga kile tulichokifungua. Mwaka 2010 Kamati Kuu ya chama ikaamua safari hii Spika awe mwanamke, Sitta akabaki nje. Mama Makinda kuwa mwanamke wa kwanza kukalia kile kiti ni fahari yangu mpaka leo, ila msiniambie ile ilikuwa kwa ajili ya wanawake tu. Januari 2016 tukaambiwa televisheni ya taifa, TBC, haitarusha tena Bunge moja kwa moja kama zamani, eti gharama. Rasimu ya Katiba mpya, ile ya Tume ya Warioba, ilikuwa imependekeza Spika asiwe mbunge wala kiongozi wa juu wa chama. Dawa tuliiandika wenyewe, kwa Kiswahili, tukaiweka kabatini.

Nilipoyagusia haya kwenye kundi la familia, shemeji yangu akanijibu: "Wewe kaa na wazungu wako, Bunge letu tuachie." Shemeji, nakuheshimu. Lakini siku ile ya Richmond tulikaa benchi moja pale kwa kinyozi, na ni wewe uliyemkataza asiwashe mashine mpaka Mwakyembe amalize.