Kabla hatujamfukuza mwanaume kaunta ya famasi

Mjadala wa nguvu za kiume hapa Dar es Salaam huishia palepale: wanaume waache aibu waende hospitali, na wanaouza vidonge vya kuongeza nguvu bila cheti cha daktari wakamatwe. Wanaosema hivyo wana hoja, nami nitaifikia. Ila wanamhesabu mwanaume anayeingia famasi saa mbili usiku kuwa mtoro wa tiba. Kwangu mimi huyo ameshaanza kutafuta tiba, tena kwa shida.

Mwangalie. Anasubiri mama mwenye mtoto amalize kununua dawa ya kikohozi. Anaagiza Panadol asizozihitaji. Kisha anashusha sauti: "Dada, na vile vya wanaume vipo?" Muuzaji haulizi kitu. Anachukua mkasi, anakata vidonge viwili, anavitia kwenye kibahasha cha kaki. Karatasi ya maelezo, yenye maonyo yote ya mtengenezaji, inabaki ndani ya boksi. Mashine ya kupimia presha iko hapohapo kaunta, imefunikwa kitambaa.

Hospitali nako kuna safari yake: kufungua faili, kulipia, foleni, halafu dirishani unaulizwa "Baba, unasumbuliwa na nini?" kwa sauti inayofika benchi la nyuma, na anayeuliza ni binti wa umri wa mwanao. Tukimlaumu mtu kwa aibu yake, tuulaumu na mpangilio huo.

Kinachonikosesha raha hasa ni kwamba vidonge viwili vya kaki vinaweza kumpitisha mtu huyu mbele ya ugonjwa mkubwa bila yeye kujua. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ina kipenyo cha kama milimita 1 hadi 2. Ile inayolisha moyo ina milimita 3 hadi 4. Kisukari, presha, sigara na lehemu (kolesteroli) huishambulia yote kwa pamoja, ila mwembamba ndio unaotangulia kushindwa. Kwa wanaume wengi waliokuja kugundulika na ugonjwa wa mishipa ya moyo, uume ulianza kulegea miaka 2 hadi 5 kabla kifua hakijauma. Hebu fikiria maana yake kwa mtu wa miaka 45 wa Mbagala anayejiona mzima. Ana miaka miwili, mitatu mkononi ya kupima sukari, kuacha sigara, kupunguza kitambi, kuanza dawa za presha akihitaji. Presha yenyewe haimuumi, na sukari inaweza kukaa mwilini kimya muda mrefu. Hili la chumbani ndilo pekee asiloweza kulipuuza, na mtu wa kwanza kulisikia, pengine hata kabla ya mkewe, ni muuzaji wa famasi.

Si kila anayeshindwa ana mishipa mibovu. Madeni, ugomvi wa nyumbani, pombe na sonona vina sehemu yao, na kijana anayeamka asubuhi mambo yakiwa sawa lakini akashindwa akiwa na mwenzake, mara nyingi wasiwasi ndio unaomsumbua. Wapo pia wanaovurugwa na baadhi ya dawa za presha. Hao ndio wananitia hofu, maana huacha dawa kimyakimya wakati daktari angeweza kuwabadilishia.

Sasa hoja ya upande wa pili, na ni nzito. Sildenafili, dawa iliyomo kwenye vidonge hivi vya wanaume kama Viagra, hulegeza mishipa. Anayetumia dawa za moyo za kundi la nitrati, kama ile tembe ya kuweka chini ya ulimi, akimeza na sildenafili presha yake inaweza kushuka ghafla mpaka akafa. Dawa bandia zipo. Tena kidonge kikifanya kazi vizuri, mtu anasahau kabisa kutafuta chanzo, na kwa hilo siwezi kuwabishia.

Nisichokubali ni kwamba ukiifunga famasi, mteja atageuka kwenda hospitali. Atakwenda kwenye vumbi la Kongo, ule unga wa kuongeza nguvu za kiume. Unga wa aina hiyo unaoitwa wa asili umekutwa katika nchi nyingi ukiwa umechanganywa sildenafili kwa siri, kwa hiyo mgonjwa wa moyo aliyeikwepa hatari ya kidonge anaweza kuikuta hiyohiyo ndani ya uji. (Supu ya pweza, karanga mbichi na mihogo ya jioni sina ugomvi navyo. Ni chakula.)

Uingereza, tangu 2018, sildenafili ya miligramu 50 inapatikana famasi bila cheti, lakini mfamasia kwanza anauliza kuhusu moyo, presha na dawa nyingine, na mnunuzi anashauriwa amwone daktari ndani ya miezi 6. Hatuwezi kuinakili hivihivi. Kwetu jioni mfamasia mara nyingi hayupo, kaachiwa duka kijana ambaye kazi yake ni kupokea hela, na huyo kidonge hiki asikiguse kabisa. Ila kuuliza "kaka, kifua huwa kinauma? unatumia dawa yoyote ya moyo? umewahi kupima sukari?" na kumfunga mkono mashine ya presha, hilo anafundishika.

Kikwazo ni pesa. Muuzaji anapata faida kwenye kidonge, haipati kwenye swali, na akisema "sikuuzii leo, kapime kwanza" amepoteza mteja kwa duka la jirani. Ukaguzi wa kukamata hauligusi hilo hata kidogo. Baraza la Famasi likiweka ada ndogo inayoeleweka, hata buku mbili za maswali, kipimo cha presha na karatasi ya rufaa, mwenye duka atakuwa na sababu ya kuuliza. Na karatasi hiyo iandikwe "kupima presha na sukari", ili dirishani mtu asilazimike kutaja kingine.