Eti Nipige Windo

Ukiugua hapa Mbagala unaambiwa pole. Ukifiwa, pole. Kompyuta ikigoma kuwaka, hupewi pole. Unaambiwa "piga windo," yaani futa kila kitu uweke Windows upya.

Ijumaa asubuhi umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika, ukarudi. Mara tatu, kama kuna mtu kule anajaribu swichi mpya. Ulipotulia nikawasha deskitopu yangu ya mtumba, hii inayonilisha kwa barua, kopi na kadi za harusi. Feni ikaunguruma, taa ikawaka, moyo ukashuka mahali pake. Halafu skrini nyeusi tii, na mstari mmoja mweupe: No bootable device found.

Nikazima, nikawasha. Nikazima, nikasema bismillahi, nikawasha. Mstari uleule. Kijana wa bodaboda aliyekuja kutoa kopi ya leseni akainama, akanitafsiria: "Anko, inasema haioni kifaa cha kubuti." Buti mimi najua ya gari na ya mgambo. Ya kompyuta ndiyo naisikia leo, na mteja wa kadi 150 yuko njiani.

"Piga windo tu, anko." Muuza chipsi wa jirani, mafuta mpaka kwenye viwiko: "Hiyo windo hiyo." Mama wa vitenge hata kompyuta yenyewe hajaiona, kasikia tu nalalamika, naye akapaza sauti kutoka kule kule: "Si wapige windo!"

Fundi akaja, flashi inaning'inia shingoni kama kipimo cha daktari. Hakukaa. "Windo imekufa. Elfu ishirini, saa moja tu." Na mafaili yangu? "Kwani huna bakapu?" Ni sawa na kumuuliza aliyeibiwa kuku kama banda alilifunga. Humo ndani mna CV za nusu ya mtaa, mikataba ya vyumba, na wasifu wa marehemu watatu ambao hawawezi kurudi kunisimulia upya.

Nikamwomba basi angalau afungue aone. Looo! Vumbi zito kama blanketi, na mende wawili wamekufa wamekumbatiana pembeni ya feni. Akachomoa RAM, kile kibao cha kumbukumbu, akaisugua kwa ufutio wa mwanafunzi, akachomoa waya wa hadidiski akauchomeka tena, akawasha. Wapi. "Si nilikuambia? Windo."

Hapo ndipo akasogea mzee fundi redio, ambaye kompyuta hajawahi hata kuigusa. Akauliza swali moja: "Mwanangu, saa yake inasoma ngapi?"

Nikanyamaza. Maana ile saa ina wiki tatu sasa, kila asubuhi inasema leo ni tarehe 1 Januari 2012. Inaniambia nibonyeze F1, nabonyeza, tunaendelea na maisha. Kurasa za intaneti zikikataa kufunguka, nalaumu bando. Juzi tu binti mmoja alirudi amefura: barua ya kuomba kazi niliyomchapia ina tarehe ya mwaka 2012, wakati huo yeye yuko shule ya msingi. Nikamwambia ni mambo ya printa. Printa haina mdomo, ukiisingizia haijitetei.

Mzee akaingiza ukucha kwenye bodi, akang'oa kibetri bapa cha duara, CR2032. Kikiwa kipya ni volti 3. Mita yake ikasoma hata 2 hakifiki. Kumbe haka kadude ndiko kanakoishikia kompyuta saa, na kuikumbusha namna ya kuwaka, wakati umeme haupo. Kakichoka, umeme ukikatika inaamka kama mlevi: haijui leo ni lini, wala nyumba yake ni ipi. Hadidiski ipo, windo ipo nzima kabisa, yenyewe inabisha hodi mlango wa jirani.

Fundi saa kafunga, yuko msibani. Nikakumbuka nyumbani kuna mzani wa kidijiti wa Mama Naima, ule anaoupanda kila Jumamosi asubuhi kabla ya chai. Sikuuliza mtu. Nikafungua kifuniko cha chini, CR2032 inanitazama.

Mpwa wangu anayesoma VETA akanielekeza kwa simu: "Mjomba, ukiwasha tu gonga F2 haraka haraka. Rekebisha tarehe. Sasa pale palipoandikwa UEFI, ile njia mpya ya kuwaka, weka Legacy, ile ya zamani, maana windo yako ilipigwa kizamani. Haya, F10 uhifadhi." Ikawaka! Kadi zangu zipo, marehemu wangu wapo, hakuna aliyeguswa. Fundi akadai elfu tano ya kufungua skrubu, nikampa ili aondoke na flashi yake. Mzee yeye kaomba soda, tena ya baridi.

Jumamosi asubuhi niko kitandani, nasikia sauti kutoka kule uani.

"Baba Naima! Mzani umezima, hauonyeshi kitu. Hebu njoo uuangalie, si ndiyo umeshakuwa fundi?"

Nikaenda. Nikauinua, nikaugeuza, nikaupuliza vumbi, nikatikisa kichwa taratibu kama nilivyomwona yule wa jana.

"Mama Naima, hii windo."