Antivirasi ya Kulipia Nyumbani: Nani Anaihitaji Kweli?

Laptopu mpya nyingi huja na antivirasi ya majaribio. Muda wake ukikaribia kwisha vitisho vinaanza: leseni inakwisha, uko hatarini, lipa sasa. Wapo wanaolipa kwa woga, na wapo wanaoiacha humo miaka na leseni iliyokufa, wakiamini bado wana mlinzi. Kabla ya kutoa hela, afadhali ujue Windows yenyewe imeshakupa nini.

Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Defender, antivirasi ya Microsoft yenyewe, inakuja bure ndani ya mfumo. Zamani ilidharauliwa, na ilistahili. Siku hizi maabara ya AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, mara kwa mara huipa alama sawa au karibu sawa na programu za kulipia. Ukiweka antivirasi nyingine, Defender inakaa pembeni; ukiiondoa, inarudi kazini yenyewe. Kwa nyumba yenye intaneti ya uhakika na Windows halali, sioni sababu ya kulipa.

Ila nyumba zetu nyingi haziko hivyo, na hapo ndipo wanaotetea kulipia wana hoja nzito. Defender hutegemea sana intaneti: faili isiyolijua huliulizia kwenye seva za Microsoft. Majaribio ya AV-Comparatives, maabara ya Innsbruck, Austria, yameonyesha zaidi ya mara moja kwamba kompyuta ikiwa haina mtandao, Defender hukamata virusi vichache kuliko washindani kama Bitdefender. Sasa fikiria bando limekwisha, na mtoto karudi na flashi aliyoichomeka steshenari kuprinti kazi ya shule. Unaifungua, kila folda imegeuka shotikati ya KB moja au mbili. Ukibofya, folda inafunguka kama kawaida, kwa hiyo hushtuki. Kumbe kirusi nacho kimeshawashwa, na mafaili halisi yamefichwa tu mlemle. Kwa kompyuta ya namna hii, inayopokea flashi za watu na kuona intaneti kwa nadra, antivirasi ya kulipia yenye kumbukumbu kubwa ya virusi ndani yake inafaa. Sharti uiapdeti, maana ikikaa miezi bila kuapdetiwa nayo haina jipya.

Hela hiyo inapotea bure pale Windows au Office ilipokrakiwa, yaani kuvunjwa kufuli la leseni ili itumike bila kulipiwa. Fundi, au wewe mwenyewe, huambiwa kwanza azime antivirasi ndipo kraki ifanye kazi. Mlinzi kafukuzwa na mwenye nyumba! Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza kuhusu KMSPico, kraki maarufu ya Windows, iliyosambazwa ikiwa na CryptBot, programu inayoiba maneno ya siri na pochi za sarafu za kidijitali. Ukishazima ulinzi kwa mkono wako, bei uliyoulipia haibadilishi kitu.

Kulipa hakukuhakikishii pia kwamba muuzaji ni mwaminifu. Mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitaka Avast ilipe dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za tovuti ambazo watumiaji wake walikuwa wakizitembelea. Bei nayo ina mtego: mwaka wa kwanza punguzo kubwa, wa pili kadi yako inakatwa bei kamili usipositisha mapema.

Tena kuna mambo yanayozidi antivirasi yoyote. WannaCry, kirusi kilichofunga mafaili ya watu na kudai fidia, kilipovamia dunia Mei 2017, kiraka cha Microsoft cha kuziba tundu kilichopitia kilikuwa kimetoka tangu Machi. Walioumia ni wale ambao hawakuwa wamekiweka. Na ule ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii” hauna kirusi ndani yake cha kukamatwa.

Ukiamua kulipa, chukua antivirasi tupu, achana na vifurushi vyenye VPN (ya kuficha unachofanya mtandaoni) na mapambo mengine. Ukiamua kutolipa, nunua diski ya nje ya kuhifadhia nakala, uichomoe ukimaliza kunakili. Kisha ingia sehemu ya usalama ya Windows, utafute ulinzi dhidi ya ransomwea, yaani virusi vya aina ya WannaCry, na uwashe udhibiti wa folda (Controlled folder access). Huwa umezimwa tangu mwanzo. Utakuletea usumbufu kidogo, kwa sababu baadhi ya programu zitakataliwa kuhifadhi mafaili mpaka uziruhusu moja moja.