Udongo na maji vitangulie miche ya bluberi

Makala ninayoijibu hapa inawahimiza wakulima wa Arusha na Moshi walime bluberi, tunda dogo la buluu, kwa kuwa milimani kuna baridi. Lakini baridi si hoja kuu, kwani watafiti wa Florida, jimbo lenye joto la Marekani, walikwisha kuzalisha aina zisizohitaji majira marefu ya baridi, kwa kuzichanganya aina za kaskazini mwa Marekani na spishi ya porini ya kwao Florida. Kikwazo kikubwa, kwa maoni yangu, ni kile alichokieleza Frederick Coville, mtaalamu wa mimea wa Marekani, mwaka 1910: mmea huu hutaka udongo wenye tindikali, ambao leo hukadiriwa kuwa na pH (kipimo cha tindikali; kikiwa chini, tindikali ni nyingi) ya 4.5 hadi 5.5 hivi. Visima vingi vya Arusha vina maji ya magadi, na kuyamwagilia mfululizo hupunguza tindikali ya udongo, yaani hupandisha pH hiyo. Nawasihi wataalamu wayapime maji kabla mkulima hajakopa fedha za miche.