Tunanunua Damu au Tunanunua Mvua?

Mwezi Februari nilikwenda kwa mzee mmoja wa Nakasongola, hapa Uganda, kutafuta fahali wa kundi langu dogo. Akanitolea wawili wa aina ya Boran, ng'ombe wa nyama. Wa kwanza alikuwa na nundu iliyojaa, paja nene, ngozi inang'aa. Wa pili amekonda kiasi, mbavu zinahesabika. Nilikuwa nimeshaanza kuuliza bei ya yule wa kwanza, kijana wa mzee akaja na daftari la shule lenye madoa ya dawa ya kupe. Humo ameandika tarehe za kuzaliwa, namba za hereni za utambulisho za mama, na uzito wa kila ndama alipoachishwa ziwa, uliokadiriwa kwa utepe wa kifuani. Fahali wa kwanza alizaliwa mwanzo wa mvua, na mama mwenye maziwa mengi. Wa pili alizaliwa kiangazi kikianza, na mtamba wa uzao wa kwanza. Hata hivyo, walipoachishwa ziwa walipishana kilo 9 tu. Nikasimama pale nikijiuliza ni miaka mingapi nimenunua mvua na maziwa nikidhani nanunua damu, yaani sifa za kurithi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kwa ng'ombe wa nyama, karibu asilimia 30 ya tofauti za uzito hutokana na kurithi. Zilizobaki ni malisho, maziwa ya mama na magonjwa. Fahali aliyewazidi kwa kilo 40 wenzake wa rika moja, waliolishwa pamoja, ana kama kilo 12 za kurithisha, na ndama hupata nusu tu kwa baba: kilo 6. Zinaonekana chache. Lakini fahali mmoja hupanda majike 25 au zaidi kwa mwaka, na mabinti zake hubaki zizini wakizaa. Asiye na kumbukumbu hata hizo 6 hawezi kuzitegemea, maana hajui zile 40 zilitoka wapi.

Vipimo vya vinasaba vinaahidi kwenda mbali zaidi. Mwaka 2001 watafiti Meuwissen, Hayes na Goddard walionyesha kwamba thamani ya mnyama kwa uzazi inaweza kukadiriwa kwa kusoma maelfu ya alama za vinasaba vyake kwa pamoja. Leo nywele chache za mkia wa ndama zinatosha. Faida kubwa iko kwenye sifa zinazochelewa kuonekana: jike kuzaa kila mwaka, ulaini wa nyama, kustahimili magonjwa. Mwaka 2022 watafiti waliofuatilia ukoo wa Boran nchini Kenya waliripoti sehemu ya vinasaba inayohusiana na kunusurika ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe. Kwa mfugaji wa Kiruhura, magharibi mwa Uganda, ambaye kupe wake wameshazoea dawa, habari hiyo ina thamani kuliko kilo zozote.

Mwaka huohuo wa 2001 Uganda ilipitisha sheria ya uzalishaji wa mifugo, iliyounda kituo cha taifa cha vinasaba vya wanyama pamoja na benki yake ya takwimu, makao Entebbe. Busara ya sheria ile ni kuweka mbegu za madume na takwimu chini ya paa moja. Sisi wafugaji tumeipenda mbegu, takwimu tumeziacha.

Wanaosita kutegemea vipimo vya vinasaba nao wana hoja nzito. Vipimo vya vinasaba vilivyoenea viliundwa zaidi kwa ng'ombe wa Ulaya, na makadirio ya Angus wa huko hayahamii kwa Ankole, ng'ombe wetu wa pembe ndefu. Ili yafae hapa, lazima wapatikane maelfu ya ng'ombe wa hapa waliosomwa vinasaba na kupimwa uzito pia. Tunarudi palepale kwenye daftari. Tena kuna hatari ya kufukuza kitu kimoja. Ng'ombe wa Ubelgiji waitwao Belgian Blue walichaguliwa kwa misuli hadi kuzaa kwa upasuaji kukawa kawaida. Kwetu, ukichagua kilo peke yake utapata jike mkubwa anayehitaji majani mengi. Kiangazi akikonda hapati joto la kupandwa, na mwaka unapita bila ndama.

Mfugaji wa Ankole ana vipimo vyake: pembe kubwa nyeupe, rangi ya bihogo, yaani nyekundu iliyokolea, na ukoo wa ng'ombe anaoutaja mama, bibi na mama wa bibi bila kuandika popote. Zamani niliyaona hayo kuwa mapambo. Sasa naona kwamba ukoo ule ulio kichwani mwa mzee ni takwimu kamili, na utazikwa naye asipotokea wa kuuandika.

Kwa hiyo fedha kidogo tulizonazo ningezianzia kwenye mizani na hereni. Mtafiti Jan Bonsma wa Afrika Kusini alianza mwaka 1937 kupima ng'ombe wakiwa kwenye joto kali, akawabakiza waliokua na kuzaa humo, na aina ya ng'ombe iitwayo Bonsmara ikapatikana bila kipimo chochote cha vinasaba. Pale tu daftari linaposhindwa ndipo ningelipia maabara. Kwa mfano, kwenye malisho ya pamoja, ambako fahali wanne hutembea na kundi moja, hakuna jicho litakalomjua baba wa ndama; vinasaba vitamjua.

Nilimnunua yule mwenye mbavu zinazohesabika. Ndama wake wa kwanza watazaliwa mwishoni mwa mwaka. Utepe nimeshaununua, na binti yangu ameshachora safu za daftari: tarehe, mama, baba, uzito, mvua.