Lenzi Inayovuta au Isiyovuta: Hesabu ya Mpiga Picha wa Harusi

Miongoni mwa mambo yanayowagawa wapiga picha wa harusi, hasa wale wanaoanza kupata kazi za kulipwa Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar, hakuna linalorudi mara kwa mara kama hili: fedha kidogo zilizopo zinunue lenzi moja inayovuta, tuseme ya milimita 24 hadi 70 yenye tundu la f/2.8, au zinunue lenzi mbili tatu zisizovuta, za milimita 35, 50 na 85, zenye tundu la f/1.8 au f/1.4. Wenyewe huziita zumu na praimu: zumu husogeza picha karibu au mbali bila mpiga picha kutembea, praimu haibadiliki. Milimita zikiwa nyingi lenzi huleta karibu kilicho mbali, na namba ya f ikiwa ndogo tundu huwa pana zaidi. Mjadala huendeshwa kana kwamba ni wa ubora wa vioo tu, ilhali kwa maoni yangu vioo ni sehemu ndogo ya hesabu. Kubwa zaidi ni mpiga picha amebeba kamera ngapi na ana wasaidizi wangapi siku ya kazi.

Wanaotetea lenzi zisizovuta wana hoja nzito, nayo ni mwanga. Kutoka f/2.8 hadi f/1.4 ni hatua mbili kamili, maana yake mwanga unaoingia huongezeka mara nne, na picha iliyohitaji ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kuitikia mwanga) ya 6400 hupatikana kwa ISO 1600. Tofauti hiyo si ya kinadharia kwa mtu anayepiga picha ukumbini saa tatu usiku. Wengine hudai kwamba fleshi hutatua jambo hilo, kwa kuielekeza juu ili mwanga udunde kwenye dari, lakini dari za kumbi zetu mara nyingi zimefunikwa vitambaa vya mapambo, na kitambaa cha zambarau hurudisha mwanga wa zambarau kwenye shela la bibi harusi. Chini ya turubai la uani ndiyo kabisa, kwa sababu turubai nalo lina rangi yake. Zaidi ya hayo, ngozi nyeusi iliyopigwa kwa mwanga hafifu kisha ikaongezwa mwanga kwenye kompyuta huonyesha chenga, yaani punjepunje za kuchafua picha, mapema sana, na chenga hizo hukaa usoni, mahali ambapo familia itatazama kwanza. Lenzi hizi pia ni nyepesi na nafuu: Canon EF 50 ya f/1.8 iliyotoka mwaka 2015 ina uzito wa gramu 160 hivi, wakati EF 70-200 ya f/2.8, toleo la pili, inakaribia kilo moja na nusu.

Hata hivyo, harusi haisimami ikungoje. Maharusi wanapoingia ukumbini huanza wakiwa mlangoni, mbali, na kabla wimbo haujafika katikati wameshafika miguuni pako. Hapo katikati shangazi amejitosa na vigelegele, wageni wamenyoosha simu, na mpiga video anarudi kinyumenyume na taa yake. Mwenye lenzi ya 85 peke yake hana pa kurudi, kwa kuwa nyuma yake kuna meza yenye soda na wajomba wa bwana harusi. Kanisani hali ni tofauti lakini tatizo ni lilelile: padri akishamwonyesha mpiga picha mahali pa kusimama, miguu haimsaidii tena, na pete itavishwa mara moja tu. Katika nafasi hizo lenzi inayovuta huleta picha ambayo nyingine isingeleta kabisa, na chenga kidogo ni bei ndogo ya kulipa.

Hoja ya mwanga yenyewe ina mpaka ambao watetezi wake hawautaji sana. Lenzi ya 85 ikifunguliwa f/1.4 kwa umbali wa mita mbili, kwenye kamera ya sensa kamili (kipokea mwanga chenye ukubwa wa filamu ya milimita 35), huacha eneo lenye ukali la takriban sentimita tano tu. Bibi harusi akiwa mbele na mpambe wake nusu hatua nyuma, mmoja wao atakuwa ukungu. Kwa hiyo katika picha za pamoja, ambazo ndizo kamati na wazazi huzidai, hata mwenye f/1.4 hulazimika kufunga tundu hadi f/2.8 au zaidi, akawa sawa na jirani yake mwenye lenzi inayovuta. Faida aliyoinunua hubaki kwenye picha ya mtu mmoja, wawili wanaocheza wakiwa wamekumbatiana, mikono yenye hina. Si faida ndogo, lakini si harusi nzima.

Kinachobadilisha mizani ni kamera ya pili. Mtu mwenye lenzi ya 35 kwenye kamera moja na ya 85 kwenye nyingine, zote zikiwa begani, amepunguza sana udhaifu wa kutovuta, kwani habadilishi lenzi katikati ya tukio wala kufungua sensa mbele ya vumbi na moshi wa udi. Lakini mtu mwenye kamera moja na lenzi tatu begini ananunua usumbufu. Ndiyo maana ushauri wa jumla kwamba praimu ni bora humdhuru anayeanza: unatolewa na watu wenye kamera mbili na msaidizi, unapokelewa na mtu mwenye kamera moja.

Tena kamera zenyewe zitazamwe kwa jambo ambalo halionekani kwenye picha, yaani nafasi za kadi za kuhifadhia picha: zikiwa mbili, kila picha huweza kuandikwa kwenye kadi zote mbili. Mwaka 2012 Canon ilitoa 5D Mark III yenye nafasi mbili na 6D yenye moja. Mwaka 2018 Sony A7 III ilikuwa na mbili, wakati Canon EOS R na Nikon Z 6 za mwaka huohuo zilikuja na moja, na Canon R6 ya 2020 ikarudisha mbili. Kadi ikifa usiku wa harusi, hakuna lenzi itakayowarudisha watu msikitini wafungishe nikahi upya. Wapo wanaojibu kwamba kamera mbili zenye nafasi moja moja hugawanya hatari. Ni kweli hugawanya, ila nusu ya harusi iliyopotea bado ni ugomvi mzima. Kwangu nafasi mbili zinatangulia f/1.4.

Kwa wanaonunua kamera iliyotumika, idadi ya mipigo ya shata, yaani pazia linalofunguka kila picha inapopigwa, iulizwe kabla ya bei. Shata ya 5D Mark III imetengenezwa kwa makadirio ya mipigo 150,000. Anayepiga 2,000 kwa harusi na kufanya harusi 40 kwa mwaka hufikisha 80,000 ndani ya mwaka mmoja. Lenzi hudumu zaidi ya kamera, na lenzi za EF, zile za kamera za Canon za zamani, hufanya kazi vizuri kwenye kamera zake mpya za R kwa kutumia adapta, kwa hiyo anayeanza na kamera ya zamani hatupi fedha. Kamera zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) humvutia mtu kwa ukimya wake kanisani, ila shata ya kielektroniki inayoleta ukimya huo, chini ya taa za LED, huweza kuchora michirizi kwenye picha. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi humetameta mara 100 kwa sekunde, na shata ya kawaida iliyowekwa 1/100 hupunguza balaa hilo, isipokuwa kwa taa za jukwaani ambazo humetameta kwa kasi yake yenyewe.

Pwani kuna adui mwingine, unyevu. Lenzi ikikaa begini baada ya harusi ya ufukweni bila kukaushwa huota fangasi, na lenzi inayovuta, ambayo mara nyingi hurefuka na kufupika, huingiza hewa na vumbi kila inapovutwa. Hapa isiyovuta ina nafuu kidogo, japokuwa zile za bei ndogo hazina mpira wa kuzuia maji. Sanduku lisiloingiza hewa lenye silika ya kunyonya unyevu huzilinda zote mbili.

Kwenye sherehe za wanawake za Mombasa na Zanzibar, ambako mpiga picha huwa mwanamke na simu hukatazwa, usimamizi wa kadi ni sehemu ya amana: kadi za picha za sherehe ya kupamba hazichanganywi na za ukumbini, na kamera zote husawazishwa saa kabla ya kazi ili picha zipangike bila kijana wa ofisini kuzipekua moja moja.

Kwa anayefanya kazi peke yake, basi, ningechagua kamera mbili zilizotumika zenye nafasi mbili za kadi, moja ikiwa na 24-70 ya f/2.8 na nyingine 85 ya f/1.8, hata kama itabidi f/1.4 isubiri mwaka mwingine. Wakiwa wawili, mmoja akishika lenzi inayovuta mbele ya madhabahu au jukwaa, wa pili yuko huru kubeba 35 na 85 tu, na hapo watetezi wa praimu wana haki yao yote.