MRI kabla ya upasuaji wa titi: inaona mengi, inasaidia wangapi?

Wanaotaka kila mwenye saratani ya titi apigwe MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku) kabla ya upasuaji wana hoja nyepesi kueleweka: mpasuaji ajue ugonjwa umefika wapi kabla hajashika kisu. Na MRI inaona kweli. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta kuwa kwa wanawake 16 hivi kati ya 100, ilifichua saratani nyingine ndani ya titi lilelile, ambayo vipimo vya kawaida havikuiona.

Basi ungetegemea wanaorudishwa mezani kukatwa tena wapungue. Jaribio la COMICE la Uingereza (2010), lenye wanawake 1,623, lilikuta waliorudishwa ni asilimia 19 kwa waliopigwa MRI na asilimia 19 kwa wasiopigwa. Sweden, kwa wenye umri chini ya miaka 56, marudio yalishuka kutoka asilimia 15 hadi 5. Uholanzi yakapanda!

Mimi sishangai. Ndani ya mashine mwanamke hulala kifudifudi, matiti yakining'inia katika matundu mawili. Kwa mpasuaji hulazwa chali, na titi hulala bapa likielekea kwapani. Ramani ilichorwa kwa umbo jingine.

Halafu kuna tiba ya mionzi baada ya upasuaji. Jaribio la Marekani lililofuatilia wagonjwa miaka 20 lilionyesha kuwa baada ya kutolewa uvimbe tu, saratani ilirudi kwenye titi lile kwa asilimia 39. Waliopata mionzi, asilimia 14. Mabaki mengi ambayo MRI ingeyaonyesha huenda mionzi ingeyamaliza. Hoja hiyo, hata hivyo, inadai mionzi ipatikane, na Tanzania kwa miaka mingi ilikuwa katika hospitali ya saratani ya Ocean Road peke yake.

Kwa saratani ya lobula (inayoanzia kwenye vijitezi vya maziwa) ningeitetea MRI bila kusita: seli zake hujipanga mstari mmoja mmoja bila kufanya donge, na mamografia, yaani eksirei ya titi, mara nyingi huikosa. Kwa wengine, sioni sababu ya kuifanya sharti. Theluthi hivi ya madoa ya ziada yanayong'aa kwenye MRI si saratani, kwa hiyo titi lisiondolewe lote kwa sababu ya picha kabla ya biopsi, yaani kupima kipande kilichochukuliwa pale penye doa.

Kinachonivutia zaidi ni utafiti wa PROSPECT wa Australia, uliotumia MRI kuchagua wanawake wanaoweza kukaa bila mionzi baada ya upasuaji. Kati ya wanawake 201 walioiacha mionzi, saratani ilirudi kwa asilimia 1 katika miaka mitano. Kasoro ni kwamba hawakugawanywa kwa kura nani apate mionzi na nani asipate.